Nani Ameshika Ratiba? Kupima Ubora wa Klasi Inayorithiwa

Klasi mzazi iliyoandikwa vizuri hujulikana hata kabla ya kuendeshwa: mpangilio wa hatua umekaa mahali pamoja, na mtoto hana njia ya kuuvuruga. Anzia ukaguzi hapo.

Tafuta methodi inayoshika ratiba. Chukua klasi ya Java iitwayo Ripoti. Methodi yake tengeneza() inaita fungua(), kisha andika(), kisha funga(). Fundi makini huitia tengeneza() neno final ili isiandikwe upya, na andika() humwachia mtoto aijaze. Tazama pia kama funga() imewekwa ndani ya finally. Isipokuwa hivyo, hitilafu moja katika andika() itaacha faili wazi. Muundo huu ndio kitabu Design Patterns cha mwaka 1994 kilichouita Template Method.

Hesabu maombi. “Usisahau kuita super kwanza” ni dalili ya kazi hafifu, maana iko siku mtu atasahau. Android angalau hukemea: ukiandika upya onCreate() ya Activity bila kuita ya mzazi, programu huanguka kwa SuperNotCalledException. Afadhali hivyo kuliko kimya, ila mzigo bado kabebeshwa mtoto.

Chungulia konstrukta. Katika Java, ya mzazi hutangulia. Ikiita methodi ambayo mtoto ameiandika upya, litaendeshwa toleo la mtoto ilhali vigeu vyake havijapewa thamani; jina ulilotarajia kulikuta ni null. C++ hufanya vingine: wakati huo huita toleo la mzazi. Kwa vyovyote vile, wito huo upunguzie alama.

Kwenye Python, soma foleni ya klasi ambamo methodi hutafutwa. D akirithi B na C, nao wote wawili wakamrithi A, foleni huwa D, B, C, A. Ndivyo inavyopanga kanuni ya C3, iliyoingia na Python 2.3 mwaka 2003. Kwa hiyo super() ndani ya B huenda ikamwita C, si A. B asipoiita, C anarukwa bila onyo. Chapisha D.__mro__ kabla hujasifu.

Jaribio la mwisho: mpe mwenzako klasi mzazi bila maelezo yoyote, aiandikie mtoto. Akivunja mpangilio na kompaila ikanyamaza, karekebishe mzazi.