Tamathali za Semi kama Hoja katika Tamthiliya ya Julius Caesar

Uhakiki wa tamathali za semi za Kiingereza aghalabu huishia katika kuorodhesha: tashbihi hii hapa, sitiari ile pale. Mkabala huo huzichukulia tamathali kuwa mapambo yanayoongezwa juu ya maana iliyokwisha kukamilika. Makala haya yanaupinga kwa kurejelea tamthiliya ya William Shakespeare, Julius Caesar, inayokadiriwa kuandikwa mwaka 1599. Hoja yetu ni kwamba humo tamathali hushika nafasi ya ushahidi pale ushahidi unapokosekana.

Katika Tendo la Pili, Onesho la Kwanza, Brutus yuko peke yake bustanini usiku, akitafuta sababu ya kumuua Caesar. Anakiri kwamba hana kisa naye binafsi, wala hajapata kumwona akitawaliwa na hisia kuliko akili. Kosa, basi, halijatendwa. Ndipo anapomfananisha na yai la nyoka, linalopaswa kuangamizwa kabla halijaanguliwa. Kwa umbo, hii ni tashbihi ya kawaida, yenye kifananishwa, kifananishi na kiungo. Kwa dhima, ni hukumu ya kifo. Yai la nyoka halizai ila nyoka; binadamu ana hiari. Mfanano unaificha tofauti hiyo, na Brutus hajihoji.

Brutus anajidanganya mwenyewe. Antony, katika Onesho la Pili la Tendo la Tatu, anajua anachokifanya. Kila anapowaita wauaji watu wa heshima, anaweka kando ya sifa hiyo jambo linaloitia shaka: fidia za mateka zilizojaza hazina ya umma, taji lililokataliwa mara tatu. Neno halibadiliki, anayebadilika ni msikilizaji, hadi sifa inageuka shutuma. Hapa uorodheshaji unashindwa, kwani kejeli haina kiungo cha kuitambulisha kama ilivyo tashbihi; hutambulika kwa muktadha tu. Kisha Antony anavifanya vidonda vya marehemu kuwa vinywa bubu na kuviomba vimsemee. Tashihisi hiyo inaukabidhi umati wajibu wa kujibu, nao unaitika kwa moto.

Athari yake inaonekana katika onesho linalofuata. Mshairi Cinna anashambuliwa kwa kuwa ana jina moja na mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba siye, lakini utetezi wake haumfai. Umati uliochochewa kwa maneno sasa unaliona jina kuwa ndilo mtu.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, anayeweza kuisoma tamthiliya hii katika tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1963, funzo ni la kimbinu. Kuitaja tamathali kwa jina lake ni hatua ya kwanza tu. Sharti kuuliza pia inathibitisha nini, inaficha nini, na ni nani anayeiamini. Pasipo maswali hayo, kifo cha Caesar kitabaki kuwa mfano wa tashbihi katika daftari la mwanafunzi.