Kuijua Karatasi ya Risiti Kabla ya Kununua Katoni

Muuzaji akikuwekea mezani katoni mbili za karatasi za mashine ya kadi, zote zimeandikwa 57×40, usikimbilie ile ya bei ndogo. Tarakimu hizo zinataja upana wa milimita 57 na kipenyo cha milimita 40. Urefu haumo, na urefu ndio unaoulipia.

Ukitaka kuujua, tazama kibomba cha katikati. Rolo la milimita 40 lenye kibomba cha milimita 12 na karatasi ya maikroni 55 lina kama mita 20. Kibomba kikinenepa hadi milimita 20, kwa nje hutaona tofauti yoyote, lakini mita zinashuka hadi 17. Karatasi nayo ikiwa nene, maikroni 65, unabaki na 14 na kitu. Wakala wa benki anayetoa nakala mbili kila muamala, moja ya mteja na moja yake, kila moja sentimita 12, atahudumia watu 80 na zaidi kwa rolo la kwanza. Kwa hili la mwisho ataishia 60. Kwa hiyo gawanya bei kwa mita, wala si kwa idadi ya marolo. Mimi nampa alama za mwanzo mtengenezaji anayeandika mita waziwazi kwenye kifungashio.

Unene wenyewe si dosari. Karatasi nzito inafaa mashine kubwa za kaunta, za upana wa milimita 80. Kwenye mashine ya mkononi, gramu 48 hadi 55 kwa mita ya mraba zinatosha kabisa.

Sasa tuje kwenye maandishi, maana hapa ndipo karatasi mbaya inapojianika. Mashine hizi hazina wino. Wino umo ndani ya karatasi yenyewe: upande mmoja umepakwa kemikali ya rangi pamoja na ya kuiamsha, na joto la kichwa cha kuchapia huziyeyusha zikakutana, herufi ikatokea. Wauzaji wengi hukwaruza kwa ukucha, mstari mweusi ukitokea wanasema, "Unaona? Hii orijino." Ukucha unakuonyesha upande uliopakwa tu. Unafaa kwa fundi anayetaka kujua kama rolo limewekwa kinyume, maana likigeuzwa risiti hutoka nyeupe tupu na mashine ikasingiziwa ubovu.

Kipimo cha kweli ni rolo moja lililonunuliwa kabla ya katoni. Chaji betri ijae, safisha kichwa cha kuchapia kwa spiriti na kitambaa laini, kisha chapa risiti. Betri dhaifu hutoa maandishi hafifu hata kwenye karatasi bora, na hapo utakuwa umeionea. Soma namba ya kumbukumbu, ile ndefu yenye herufi ndogo. Tumbo la 6 na la 8 liwe wazi, 3 isifanane na 8, na weusi uwe sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiona ukahawia au ukijivu, rudisha. Iliyopita, ikate vipande viwili: kimoja weka kwenye droo, kingine kwenye dirisha linalopigwa na jua. Baada ya wiki moja vilinganishe. Karatasi duni itakuwa imepauka maandishi, au yale meupe yote yamegeuka kijivu.

Kisha pangusa ubavu wa rolo kwa kitambaa cheusi. Kisu butu cha kiwandani huacha unga mweupe, na unga huo huishia kwenye kichwa cha kuchapia, sehemu ambayo kuibadilisha ni gharama. Ubavu uwe bapa, usiwe na ngazi. Kipande cha mwanzo chenye gundi kichane ukitupe. Mwishoni pawe na mstari mwekundu wa kukuonya mapema, ili mteja asikatiwe risiti katikati.

Suala la kemikali nalo lisipuuzwe. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo kikali cha BPA, kemikali ya kuamsha rangi, kwenye karatasi hizi kuanzia Januari 2020, na viwanda vingi vikahamia BPS, ambayo nayo ina mashaka yake. Ukipata iliyoandikwa kuwa haina zote mbili, ongeza pesa uichukue, hasa kama kuna msichana wa kaunta anayezishika kutwa. Na asizishike mikono ikiwa mibichi kwa kitakasa mikono, maana kemikali hupenya ngozi kwa urahisi zaidi na spiriti yenyewe huharibu maandishi.

Hifadhi katoni gizani, pakavu, juu ya ubao, mbali na bati la kibanda na kamwe si kwenye dashibodi ya gari. Toa za zamani kwanza, na usirundike za mwaka mzima kwa sababu ya punguzo.

Risiti zilizochapwa zina maadui wengine: selotepu, gundi, mifuko laini ya plastiki. Sheria ya kodi ya Tanzania inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na karatasi hizi za risiti kwenye joto la Dar es Salaam hazina ahadi hiyo. Zile za manunuzi makubwa zitoe fotokopi kwenye karatasi ya kawaida jioni hiyohiyo, ukihakikisha tarehe, kiasi na namba ya kumbukumbu vinasomeka, kisha uzibane pamoja na ankara yake.