Kutu ya Madigadi

Anayeleta gari kuukuu kwa fundi wa bodi hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, mara nyingi huonyesha kivimbe kimoja tu cha rangi juu ya gurudumu la nyuma. Anatumaini kitapigwa msasa na kupakwa rangi, arudi nalo nyumbani jioni. Fundi ninayempenda hana haraka ya kujibu. Huchuchumaa, akapapasa nyuma ya ukingo wa madigadi mahali jicho lisipofika, kisha akagonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti butu. Baadaye hutoa sumaku mfukoni. Isiponata, ujue aliyetangulia alishindilia fila nene akaifunika kwa rangi.

“Mama, hii imeanzia ndani,” humwambia mteja. “Tukipaka juu tu, mvua za Aprili zitaifungua tena.”

Ndivyo ilivyo. Pale bati la nje na la ndani yanapokunjwa pamoja kwenye ukingo, hubaki mwanya mwembamba. Changarawe zinazorushwa na tairi hukwangua rangi, na vumbi letu laini la Nakuru, udongo wa majivu ya volkeno, huingia humo, likalowa na kushika unyevu hata jua likiwaka. Chuma kikipata maji na hewa hugeuka kutu, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo. Ndipo rangi huvimba kama ngozi iliyoungua. Baadhi ya magari ya mitumba kutoka Japani yamepita majira ya theluji kwenye barabara zilizonyunyiziwa chumvi, nayo hushuka Mombasa ugonjwa ukiwa umeshaanza.

Fundi hukata mpaka afikie chuma safi kinachong'aa, hata kama shimo litamshtua mwenye gari. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, maana angeweza kulificha na asijulikane kwa miezi kadhaa. Bati la bodi kwa kawaida halifiki unene wa milimita moja. Hukata kiraka kwa mkasi wa bati, akakikunja taratibu kwa nyundo huku kipande cha chuma kiitwacho doli kikikinga upande wa nyuma, na kila mara huenda kulinganisha na madigadi ya upande wa pili. Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 na kubeba abiria wa Bonde la Ufa kwa miaka mingi, humchukulia muda: upinde wake ukikosewa kidogo tu, gari lote huonekana limeinama.

Kuchomelea nako kuna subira yake. Nukta moja huku, nyingine kule, katikati akipoza kwa kitambaa kibichi, kwa sababu bati jembamba likikolea moto mahali pamoja hufanya mawimbi. Mawimbi hayo hujitokeza rangi ikishakauka, jua likipiga ubavuni. Katika kazi yake sijayaona.

Halafu praima pande zote mbili, ndipo fila, tena utando mwembamba wa kusawazisha tu. Mwisho hupaka grisi kwa ndani, akazibua vitundu vya kutolea maji vilivyozibwa na tope, na kumwagiza mwenye gari aelekeze mpira wa maji chini ya madigadi kila anapoosha, badala ya kung'arisha milango peke yake.