Kulalia, Kulala na Kulaza: Istilahi ya Mayai ya Samaki

Mfasiri akutanapo na kazi ya kutunza mayai hadi yaanguliwe, mkono wake hukimbilia "kuatamia". Kwa kuku neno hili halina kasoro. Kwa samaki wa jenasi ya Nothobranchius, watagao katika vidimbwi vya mvua, tunalipinga.

Msomaji wa Mandawa, wilayani Ruangwa, akisoma "atamia mayai" atawaza mama na joto. Lakini mama wa samaki huyu alikwisha kufa kidimbwi kilipokauka. Mayai yamebaki topeni, na kiinitete kimesimamisha ukuaji wake. Afugaye nyumbani samaki wa Unguja, Nothobranchius guentheri, huyaweka mayai katika mboji yenye unyevu, huifunga katika mfuko wa plastiki, akangoja miezi mitatu hivi. Macho yaonekanapo ndani ya yai, huimwagia mboji maji yenye ubaridi kidogo, na vifaranga hutoka kwa saa chache. Mwanafunzi aliyefunzwa "kuatamia" atayatafutia mayai joto, au ataitupa mboji akidhani yamekufa.

Mayai haya hayalaliwi, yenyewe hulala. Twapendekeza "kulaza mayai" kwa kazi ya mfugaji. Yupo atakayesema kwamba hata "vifaranga" tumewaazima kwa kuku. Ni kweli, ila neno hilo halimpotezi mtendaji.

Tafsiri ya neno kwa neno, "samaki wa mwaka", nayo haifai: huishi miezi michache tu. "Samaki wa msimu" latosha.