Kufundisha Kiingereza kwa Mapishi: Faida Yake na Hatari Yake

Wako walimu siku hizi wanaofundisha Kiingereza kwa njia ya mapishi. Badala ya kuanza na kanuni za sarufi, huwapa wanafunzi maelezo ya kupika chakula fulani, nao huyasoma na kuyatenda, wakishika maneno huku mikono ikifanya kazi. Asili ya njia hii si ya jana. Mwaka 1925 Harold Palmer alitoa huko Tokyo kitabu cha kufundisha Kiingereza kwa vitendo. Na katika zama zetu Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, kimetengeneza jiko lenye vyombo vya elektroniki vinavyomwambia mwanafunzi kwa Kifaransa achukue nini na afanye nini. Sisi twapenda kuipima njia hii kwa macho ya Tabora, maana katika nchi zetu jiko limekuwa shule ya lugha tangu zamani, na matokeo yake yajulikana.

Kwanza tuseme faida yake. Maana ya neno huonekana papo hapo: aliyeambiwa akate kitunguu akamenya ndizi, kosa lake li wazi mbele ya wote. Tena maneno ya jikoni ni mlango wa maarifa mengine. Watoto wetu walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakifika sekondari hukuta sayansi yafundishwa kwa Kiingereza. Katika chumba cha kemia huambiwa pima, pasha moto, koroga, chuja, acha ipoe. Hayo yote ni maneno ya jikoni. Aliyekwisha kuchemsha maziwa na kuchuja chai kwa Kiingereza hatayaogopa akiyakuta kitabuni.

Lakini hatari iko, nayo twaweza kuiona tukilinganisha majiko mawili ya zamani.

Jiko la kwanza ni la njia ya misafara. Katika karne ya 19 Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, ilikuwa njia panda: barabara moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ilikwenda Ujiji, na nyingine kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walisifiwa kwa kazi ya upagazi. Safarini wapagazi walijigawanya katika makundi ya kula pamoja, kila kundi na chungu chake, na posho yao ikapimwa kwa kibaba. Penye mafiga walikutana watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kuombana chumvi, kubishana juu ya posho, kusimuliana habari za njiani na kutaniana. Hivyo Kiswahili kilishika mizizi Unyamwezi, kikawa lugha ya mambo yote.

Jiko la pili ni la nyumba za walowezi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kuwafundisha Kiswahili cha bara askari, walowezi, wachimba madini, wafanya biashara, na wake zao. Wengi katika watu wa namna hiyo walikipatia Kiswahili jikoni, bibi akiamuru, mpishi akiitikia. Ndipo kilipozaliwa kile kilichoitwa Kisetla, Kiswahili kisichojali ngeli wala maneno ya adabu. Mtu aliweza kukisema miaka 20, akajua kuagiza chakula cha mchana, wala asijue kumpa pole mpishi wake aliyefiwa.

Vyakula vilikuwa vyakula katika majiko yote mawili. Tofauti ilikuwa katika mazungumzo. Penye mafiga kila mtu aliuliza na kujibu. Katika nyumba ya mlowezi mmoja aliamuru na mwenzake akatii.

Sasa tazama maelezo ya mapishi yalivyo katika vitabu vya Kiingereza. Kitenzi baada ya kitenzi ni cha kuamuru: chukua, kata, chemsha, pakua. Mwanafunzi akisomeshwa mapishi 12 ya namna hiyo, atakuwa amezoea umbo moja tu la kitenzi, tena amelizoea kwa kulitii. Hajui kusimulia yaliyopita, wala kuuliza, wala kueleza sababu. Akiishia hapo, tumempa Kiingereza cha mpishi aliyeitwa kwa kengele, yaani Kisetla kilichogeuzwa upande wa pili.

Kosa jingine ni uchaguzi wa chakula. Tumepata kuona kitabu ambacho somo lake la kwanza ni keki ya kuokwa katika tanuri, kikasomwa mahali ambapo kila mwanafunzi hupikia mafiga matatu. Wakakariri majina ya vyombo wasivyovishika. Wengine hujitetea kwamba kijana atayahitaji maneno hayo akipata kazi ya hoteli. Hatukatai, lakini mtu huanza kupanda mti kutoka shinani.

Chukua michembe na matobolwa, vyakula vinavyojulikana sana Unyamwezi na Usukuma. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa. Kiingereza hakina neno moja la kutaja hiki wala kile. Basi mwanafunzi hana budi kueleza kwa Kiingereza lipi hutangulia na lipi hufuata, na kwa sababu gani. Hilo ni zoezi la akili, wala kamusi haiwezi kulifanya badala yake.

Hali kadhalika wali. Sisi twasema mpunga ulio shambani, mchele uliokobolewa, na wali uliopikwa. Mwingereza husema «rice» kwa vyote vitatu. Uji twaukoroga na ugali twausonga. Yeye husema «stir» kwa yote mawili. Lakini yeye naye hutenga ng'ombe aliye hai na nyama yake kwa majina mawili, na jina la nyama lilitoka Kifaransa baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066. Mwanafunzi akiyaona haya hatadhani tena kwamba lugha moja ni tajiri na nyingine maskini. Wala asione haya kuliacha neno «ugali» lilivyo ndani ya sentensi ya Kiingereza. Mwaka 2022 kamusi kubwa ya Oxford yenyewe ilipokea «nyama choma» na «mama ntilie».

Kwa hiyo shauri letu kwa walimu ni hili. Somo la kwanza mwanafunzi na aamuru, mwalimu atende kama alivyoambiwa. Maneno yakipungua, chakula kitaonyesha. Somo la pili wasimulie yaliyotendeka jana. Somo la tatu waulizane: kwa nini ugali huu una madonge? Nani aliyezidisha maji? Je, bibi yako huufanyaje? Hapo watabishana, na kwa kubishana watakosea sana. Mwalimu asiwakatize kila neno, maana wapagazi hawakujifunza Kiswahili penye mafiga kwa kunyamazishwa.