Shairi Huru Lina Umbo

Mwalimu mwenzangu, mtahiniwa akiulizwa umbo la shairi huru, aghalabu hujibu: "Halina vina wala mizani." Ametaja kisichokuwamo, kilichomo hajakigusa, na alama zimempita. Chanzo ni kulipima kila shairi kwa sheria alizoandika Kaluta Amri Abedi mwaka 1954. Sheria hizo zinaufaa ushairi wa kimapokeo, lakini hazitoshi kuyafafanua mashairi ya Kezilahabi katika *Kichomi* (1974).

Huku Migori na Homa Bay tuna pa kuanzia. Wimbo wa nyatiti hauhesabu mizani. Hujengwa kwa takriri, vituo, na majigambo ya pakruok yanayoukatiza. Waulize wanafunzi: kwa nini jina hili limerudiwa? Kwa nini wimbo umekatizwa hapa? Kisha wape shairi huru, uwaulize maswali yayo hayo. Mstari mshata umeachwa wapi, na kwa nini? Neno lililosimama peke yake linasisitiza nini?

Nawe mtahiniwa, usiishie kutaja mbinu. Toa mfano kutoka shairini, kisha ueleze unavyojenga maana. Umbo lisilohusishwa na maudhui ni orodha tu, si uhakiki.