“Dju ya Feza”: Sahani Iliyopuuzwa na Maneno Yasiyosikilizwa

Wapenzi wa muziki wa dansi unaoundwa kwa mitambo ya umeme hawachoki kubishana kuhusu sahani zilizonyimwa heshima yake. Mojawapo ni Noir et Blanc, iliyotolewa mwaka 1983 na kampuni ya Crammed Discs ya Bruxelles kwa jina la Zazou, Bikaye na CY1. Hector Zazou alikuwa mtunzi Mfaransa mzaliwa wa Algeria. Bony Bikaye ni mwimbaji wa Kongo, Zaire ya wakati ule. CY1 walikuwa Guillaume Loizillon na Claude Micheli, mafundi wa sintesaiza.

Mshabiki wa sahani hii huitetea kwa hoja moja: ilitangulia. Ilitoka miaka minne kabla ya Phuture wa Chicago kutoa “Acid Tracks” mwaka 1987, na tayari ilikuwa na mapigo yale ya mtambo yanayojirudia bila kuchoka. Hoja hiyo ni ya kweli, ila ni sifa ya kuazima. Hata Charanjit Singh wa India, aliyerekodi raga zake kwa mitambo mwaka 1982, husifiwa hivyo hivyo, kana kwamba kazi yake ilikuwa kumsubiri mtu wa Chicago. Anayepima sahani kwa saa ya wengine huishia kuusifu mtambo na kumwacha mwimbaji awe pambo.

Pambo hilo lina maneno. Lisomwe jina la wimbo “Dju ya Feza”. Msomaji wa pwani atadhani habari ni ya kitu kilichowekwa juu ya fedha, au mazungumzo kuhusu fedha. Msikilizaji wa Lubumbashi au Bukavu hahitaji kufasiriwa: kwake “juu ya” ni “kwa sababu ya”, naye huuliza “juu ya nini?” anapotaka kujua chanzo cha jambo. “Feza” kwa z ndivyo midomo ya huku inavyotamka. Tahajia “dju” ni ya mkono uliozoea Kifaransa, na haifai kusahihishwa, maana inaonyesha lugha ilikotoka.

Majina mengine ni ya Kilingala. “M’Pasi ya M’Pamba” ni mateso ya bure, na kile kiunganishi “ya” lugha zote mbili zinakimiliki. “Keba” ni jihadhari. “Lamuka” ni amka. Anayeyapanga majina haya pamoja atasikia mtu anayemwonya mwenziwe: pesa, taabu isiyo na malipo, fungua macho. Wakati huo huo mitambo ya CY1 inapiga bila huruma chini yake, na ugumu wake unapata maana ambayo hoja ya kutangulia haiwezi kuufikia.

Sahani yenyewe haina usawa. Kuna mahali ambapo mitambo inacheza na nafsi yake na sauti inabaki kungoja. Miongoni mwa waliopiga humo yumo Vincent Kenis, ambaye katika miaka ya 2000 aliwarekodi Konono N°1 wa Kinshasa na likembe zao za umeme. Zazou alifariki mwaka 2008. Noir et Blanc ilitolewa upya mwaka 2017, na kwenye jalada bado pameandikwa “Dju”.